Bi Magamba wa Makangaga ya Mawe

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi, mtaalamu wetu wa makangaga anafunga kabati lake na kustaafu. Kwenye faili la ofisi ana jina kamili, tena la kupendeza, lakini humu ndani ukiliita hata yeye mwenyewe hageuki. Tunamwita Bi Magamba, na sababu mtaijua punde si punde. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, mtu wa nyasi, niandike wasifu wake, kwa kuwa tumekaa chumba kimoja, meza kwa meza, muda mrefu kuliko ndoa za wenzetu kadhaa. Nilikubali kabla hawajamaliza kuomba.

Kwa wageni mnaosoma jarida letu kwa mara ya kwanza, taasisi hii inahifadhi mimea iliyokaushwa. Mmea unabanwa hadi ukauke, unabandikwa kwenye karatasi ngumu, unawekewa kibandiko chenye jina lake na mahali ulipochumwa, kisha unalazwa kabatini kumsubiri mtu mwenye swali. Makangaga ni ile mimea isiyotoa ua wala mbegu. Huzaa kwa spora, vumbi laini linalokaa chini ya jani. Wengi wanayajua yale makubwa yanayopenda kivuli na maji. Bi Magamba hakuyataka hayo. Alichagua yale madogo, ya urefu wa kidole, yanayoishi kwenye nyufa za mawe katika nchi kavu, mahali ambapo hata mjusi anatafuta pa kujificha jua. Siku za mwanzo nilimuuliza kulikoni, akanijibu kwamba makubwa yana watetezi wa kutosha.

Alikuja hapa ndiyo kwanza ametoka chuoni, na mkuu wa wakati huo akampa kabati la makangaga kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyelitaka. Lilikuwa vurugu tupu. Makangaga ya mawe yanafanana kama watoto wa tumbo moja, na juu ya hapo ukame unayabadilisha sura. Kangaga lililopata maji linakunjua majani yake ya kijani. Likikosa maji linajikunja kama ngumi na kuwa rangi ya kahawia, ungeapa limekufa. Wakusanyaji wa zamani walikuwa wamelipa kangaga moja majina manne, kila msimu na jina lake. Bi Magamba alikaa akayapatanisha taratibu, karatasi baada ya karatasi. Alikuwa anakata kipande cha jani kilichokunjamana, anakiloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, anakingoja kikunjuke, ndipo anakiweka chini ya hadubini. Vikombe vyote vya chai vya chumba chetu vimepitia kazi hiyo. Mimi binafsi nimewahi kunywa chai ya sabuni, na nilipolalamika niliambiwa nimshukuru Mungu kwamba kangaga lenyewe lilikuwa limeshatolewa.

Sasa hilo jina. Mtu yeyote akipewa mmea anatazama jani. Yeye aligundua kwamba kwa makangaga haya jani ni mwongo. Ukweli uko kwenye magamba, vijisahani vidogo vyembamba vinavyofunika shina fupi lililojificha ndani ya ufa. Kuna magamba yenye rangi moja, na kuna yenye mstari mweusi katikati na kingo nyeupe, na tofauti hiyo ndiyo inayotenga ukoo na ukoo. Kwa hiyo kila aliyemletea mmea, hata awe profesa aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile ile, salamu yake ya kwanza ilikuwa kuulizwa magamba yako wapi. Kama hakulichimba shina, alipewa chai (ya kweli) na kurudishwa alikotoka. Mlinzi wa getini, kwa kulisikia neno hilo kila siku, aliamini kwamba tuna mtaalamu wa samaki, na kwa miaka mingi kila mwenye swali la samaki alielekezwa kwake. Aliwajibu wote kwa heshima, na wengine waliondoka wakijua mengi kuhusu makangaga.

Safarini ndiko alikokuwa kichekesho zaidi. Dereva wetu, ambaye amempeleka kwenye majabali mengi kuliko anavyoweza kukumbuka, anasimulia kwamba Bi Magamba alikuwa analala kifudifudi juu ya mwamba, kioo cha fundi saa kikiwa jichoni, hatikisiki hata kidogo. Wapita njia wakawa wanasimama na kuanza kusikitika. Siku moja mama mmoja alitoa shuka kwenye kikapu chake ili aisitiri ile maiti. Maiti ikapiga chafya na kuomba iletewe bahasha. Yule mama, anasema dereva, alikimbia hadi leo.

Kioo hicho kilikuwa mali ya shemeji yetu, mumewe, ambaye kazi yake ni kutengeneza saa. Alikiazima kwa safari moja wakiwa bado wachumba, na mwenyewe hajakiona tena. Shemeji ana malalamiko mengine pia. Anasema wake wa wenzake wakirudi safari huleta matunda, mke wake yeye huleta mawe, na dirisha la sebule halijafunguka vizuri tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe kwa jinsi lilivyojaa mawe yenye makangaga. Lakini wageni wakifika, yeye ndiye anayewahi kuwaonyesha, na anayajua kwa majina. Mla nawe hafi nawe, lakini mke mtaalamu utasoma naye tu, upende usipende.

Nami nina deni langu la shukrani. Mwaka niliovunjika mguu, nikalazwa, watu walikuja na maua na juisi. Bi Magamba alikuja na kisahani chenye kitu kikavu kilichojikunja mfano wa kucha la kuku, akakiweka kwenye meza ya kitanda, akamwaga maji kidogo, akaaga. Mgonjwa wa kitanda cha pili alinitazama kwa huruma. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama jamaa zangu wamekata tamaa na madaktari kiasi hicho. Asubuhi kitu kile kilikuwa kimekunjuka, kibichi, majani yamesimama. Wodi nzima ilikuja kutazama, na muuguzi akaomba tukiache pale hata nikiruhusiwa. Siku zile nilikuwa nimevunjika moyo kuliko mguu, nasema wazi, na kile kisahani ndicho kilichoninyanyua.

Msidhani tulikuwa tunabembelezana siku zote. Mimi nilimkumbusha kila mara kwamba nyasi zinalisha dunia, na kwamba idara yangu ina makabati ukuta mzima ilhali lake ni moja tena lina mlango unaolia. Jibu lake halikubadilika. Alisema ng'ombe anatambua nyasi vizuri kabisa bila shahada yoyote, hivyo angependa kujua mimi nalipwa kwa lipi. Swali hilo bado nalitafutia jibu.

Kazi yake kubwa ni ufunguo wa kutambulia makangaga ya mawe, ule uliobandikwa ukutani mwetu na unaotumika leo katika vyuo vingi. Unaulizwa maswali mawili mawili: chini ya jani kuna unga mweupe, au hakuna? Ukingo wa jani umejikunja kufunika spora kama pindo la nguo, au uko wazi? Unajibu, unasogea, mpaka unafika kwenye jina. Aliuandika kwa Kiswahili cha sokoni, na kila swali alilijaribu kwanza kwa dereva. Dereva akikosea, swali linaandikwa upya.

Tena ndiye aliyetufundisha desturi mbili ambazo hatutaziacha. Ya kwanza, kibandiko chenye jina lisilo sahihi hakibanduliwi kamwe. Unaweka kijikaratasi pembeni, jina jipya, jina lako na tarehe, ili atakayekuja baada yetu aone nani alifikiri nini na lini. Ya pili, sampuli ngumu hutazamwa na watu wawili, kila mtu peke yake, kila mtu anaandika jibu lake kabla ya kufungua mdomo. Alisema mkubwa akishatamka, wadogo huona anachokiona yeye.

Hapo ndipo tunapofika kwa Mpweke. Katikati ya utumishi wake, kwenye jabali moja lililosimama peke yake pembeni ya barabara ya vumbi, Bi Magamba alipata kangaga ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote. Kwa jani lilifanana kabisa na kangaga la kawaida, lile linaloota kila mwamba. Kwa magamba lilikuwa jingine kabisa, maana lilikuwa na ule mstari mweusi. Alilitangaza kuwa spishi mpya, na sisi tukalipa jina la utani la Mpweke, kwa kuwa halikuonekana mahali pengine popote. Hakuna mtoto aliyetajwa sana katika chumba chetu kuliko huyo.

Kisha wadudu wakaingia kwenye makabati. Bi Magamba ndiye aliyeongoza vita. Ilinunuliwa mashine ya joto, na karatasi zikaanza kupitishwa humo ili wadudu na mayai yao wafe. Alianza na folda ya Mpweke, tena akaipitisha mara mbili, kwa mapenzi. Mashine iliharibika kabla haijafika makabati ya mwisho, ikapelekwa matengenezo, na huko iko mpaka leo.

Mwaka uliofuata alikwenda kumtazama Mpweke akakuta jabali limepasuliwa lote kwa kokoto. Dereva anasema alizunguka yale malundo ya mawe mpaka jua likawa kali, akigeuza moja moja, kisha akarudi garini na kulia. Hakuwa ameleta mmea hai hata mmoja, maana hakutaka kumpunguza. Spora zilizokuwa kabatini alikuwa ameziua kwa mkono wake mwenyewe, kwa ile mashine. Tangu siku hiyo, kila safari alitafuta jabali la aina ile, na kila safari alirudi mikono mitupu. Alipoulizwa angependa kukamilisha nini kabla ya kustaafu, alisema hakuna, na sisi sote tulijua anasema uongo.

Miaka mitatu iliyopita alihamia kwetu kutoka idara ya kuvu mwenzetu tunayemwita Mama Pacha, ndiye atakayeshika kabati sasa. Bi Magamba alimwanzishia na folda ya kangaga la kawaida, mlima wa karatasi, azipitie zote kwa ufunguo bila kutazama vibandiko. Mama Pacha si mtu wa haraka. Alipofika kwenye karatasi moja ya zamani alikwama. Shina lilikuwa limefunikwa na utepe wa gundi, naye akaulainisha kwa brashi yenye maji, akaunyanyua, akatazama magamba. Ufunguo ukampeleka kwa Mpweke. Alirudia tena na tena, jibu likawa hilo hilo. Ndipo akasoma kibandiko. Sampuli ililetwa na bwana misitu mmoja, kutoka jabali lile lile, na aliyeiita kangaga la kawaida ni Bi Magamba mwenyewe, katika mwaka wake wa kwanza kazini, kabla hajajifunza kutoliamini jani.

Mama Pacha alikuja kwangu kwanza, uso umemshuka. Utamwambiaje mwalimu wako, tena anayekaribia kuaga, kwamba alikosea? Nilimwambia aende moja kwa moja, kwa sababu ukweli kwa Bi Magamba haubishi hodi. Akaenda. Bi Magamba alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu, akasema kwa utulivu kwamba ni kweli, alikosea. Kisha akaruka kutoka kwenye kiti! Alikumbuka kabla yetu sote kwamba folda ya kangaga la kawaida, kwa unene wake, haikuwahi kuenea kwenye kabati lake, hivyo ilikuwa imewekwa katika yale makabati ya mwisho ambayo mashine haikuyafikia. Karatasi ile haikuwa imeonja joto. Kwa mara ya kwanza katika historia ya taasisi, idara ya matengenezo ilipewa asante kwa kutotengeneza kitu.

Chini ya majani yale, ndani ya pindo, spora zilikuwepo. Fundi wetu wa kitalu alizipanda kwenye udongo uliochemshwa, katika vyungu vidogo vilivyofunikwa kwa kioo. Baada ya wiki kadhaa ukaonekana ukijani, halafu vijani vidogo kuliko ukucha wa mtoto. Sisi tulitaka keki. Bi Magamba alikataa. Alitukumbusha kwamba karatasi ile ililala miaka yote katikati ya makangaga ya kawaida, na vumbi halina adabu, linaingia kwa jirani bila hodi. Kilichoota kinaweza kuwa cha jirani. Jani halitatuambia, magamba ndiyo yatakayosema, na magamba hayaji mpaka mmea ukomae.

Tukangoja karibu miaka miwili. Sijamwona akipata shida kama wakati ule. Alipita kitaluni kila asubuhi kabla ya kusaini, akasimama, hakugusa kitu, akaja mezani. Siku za kustaafu zilikuwa zinakaribia mbio na mimea inakwenda mwendo wa konokono. Alishaniambia kwamba akiondoka bila kujua, basi, kazi ya Mungu haina haraka. Mimi nilimwambia kazi ya Mungu haina haraka lakini ofisi ya utumishi inayo, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Mwezi uliopita fundi wa kitalu alisema iko tayari. Desturi ikafuatwa kama kawaida. Gamba moja moja lilichomolewa kwa ncha ya sindano kutoka kila chungu. Bi Magamba alitazama na kuandika, akatoka. Mama Pacha akaingia, akatazama, akaandika. Vijikaratasi nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa mtu wa nyasi hana upande. Chungu cha kwanza, wote wawili: kangaga la kawaida. Cha pili, la kawaida. Cha tatu na cha nne, la kawaida. Nilikuwa navisoma kwa sauti, na kila nikisoma sauti yangu inapungua, naye Bi Magamba anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeshajiandaa. Chungu cha mwisho kilikuwa na mimea miwili dhaifu ambayo fundi alitaka kuitupa. Nilifungua kijikaratasi cha Mama Pacha: Mpweke. Nilifungua cha pili, na hapo sikusoma tena, niligeuza tu mwandiko ule ninaoujua ili kila mtu auone. Mpweke. Bi Magamba alikaa chini pale pale sakafuni, akafunika uso, akawa analia na kucheka. Mama Pacha alikaa naye. Mimi nilisimama nikisingizia mafua.

Karatasi ile ya zamani sasa ina kijikaratasi kipya pembeni. Tulimwomba Bi Magamba akiandike yeye, akakataa kabisa, akasema aliyeona ndiye anayeandika. Kwa hiyo kimeandikwa jina la Mama Pacha. Kibandiko cha zamani, chenye kosa lake la mwaka wa kwanza, kimebaki mahali pake, na amesema wazi kwamba katika yote aliyowahi kuyaandika humu ndani, hilo ndilo analolifurahia zaidi.

Dada yetu, tumekuchosha, nawe umetuchosha pia, hesabu ni sawa. Asante kwa miaka yako, kwa ukali wako, kwa chai yako yenye sabuni. Asante kwa shemeji na watoto waliotuazima wewe na mpaka leo hawajatudai. Mlango wa chumba chetu hauhitaji kitambulisho cha mtumishi.

Mpweke ameanza kutoa majani mapya. Mvua za kwanza zikinyesha, tunampeleka kwenye jabali la jirani na lile la zamani, lenye ufa unaotazama upande ule ule wa jua. Ofisi ya utumishi imetuarifu kwamba mstaafu haruhusiwi kupanda gari la kazi. Dereva amejibu kwamba gari lake lina kiti cha mbele kimoja tu na tayari kina mwenyewe. Afya njema, magoti imara na macho mazima, Bi Magamba. Hatutapanda mpaka uwepo.